Katiba ya Ufipa Isiyoandikwa

Ndugu wanafunzi wa zamani, darasani tulisoma mkataba wa Waingereza wa mwaka 1215 na dola ya Shaka, lakini Milanzi haikutajwa, ingawa wengi wetu tuliisikia jikoni kwa bibi zetu.

Masimulizi ni haya. Ntatakwa, mtawala wa Milanzi, alikwenda kuwinda. Kabla ya kuondoka alimwonya mkewe kwamba watakuja wageni kutaka kiti cha enzi, naye asiwape. Wakaja wanawake watatu wa Kitwa (wasichanganywe na Watwa wa misituni). Mama yule akaogopa, akakitoa, na mkubwa wao akakikalia. Ntatakwa aliporudi hakupigana. Watwa wakashika nchi, yeye akabaki na Milanzi yake na heshima ya aliyetangulia. Baadaye Watwa nao waligombana, nchi ikagawanyika kuwa Nkansi na Lyangalile. Jina la wilaya yetu ya Nkasi, yenye makao yake hapa Namanyere, limetoka huko.

Mwingereza Roy Willis, mtaalamu wa mila, alianza uchunguzi wake Ufipa mwaka 1962, na kitabu chake juu ya dola ya Wafipa kilitoka mwaka 1981. Yeye hakuona humo habari ya uvamizi tu, bali mgawanyo wa madaraka: Milanzi ni kichwa, yaani hekima na mamlaka ya kale; Watwa ni kiuno, yaani nguvu ya kutenda na kuzaa. Kimoja bila kingine hakifai.

Mimi nakubaliana naye nusu. Utumishi serikalini umenizoeza kuuliza waraka unamfaa nani. Habari kwamba kiti kilitolewa, hakikunyang'anywa, inamfaa anayekikalia. Na lawama yote katupiwa mama aliyeachwa peke yake nyumbani! Hata hivyo maneno hayo hayo humkumbusha Mtwa kwamba alimkuta mwenyeji. Hiyo nayo ni breki ya utawala, tena haikuhitaji mpiga chapa.

Waingereza walitawala kwa kupitia machifu wa Nkansi na Lyangalile. Tarehe 9 Desemba 1962 Tanganyika ikawa Jamhuri kwa katiba iliyoandikwa Kiingereza, na mwaka 1963 sheria ikaondoa madaraka ya machifu. Basi Willis aliwasikiliza wazee wakati ule ule kiti kilipokuwa kinaondolewa tena, safari hii bila mtu kwenda kuwinda. Wenye masimulizi tofauti, hasa ndugu wa Milanzi, wayaandike kabla wazee waliobaki hawajatutoka.