Chama cha Muungano wa Raia (Romania)

Chama cha Muungano wa Raia (kwa Kiromania Partidul Alianței Civice, kifupi PAC) kilikuwa chama cha kiliberali cha upinzani nchini Romania. Kilianzishwa Julai 1991 na kikakoma mwaka 1998, kilipomezwa na Chama cha Taifa cha Kiliberali (PNL). Kiongozi wake alikuwa mhakiki wa fasihi Nicolae Manolescu. Kilipitia chaguzi kuu mbili: ule wa 1992 ulikiingiza bungeni, ule wa 1996 ukakitoa. Mwaka huohuo wa 1996 wapinzani wa Romania waliushinda utawala uliorithi nafasi ya wakomunisti, na PAC, kilichoupigania ushindi huo tangu siku yake ya kwanza, hakikuwamo.

Chimbuko

Utawala wa Nicolae Ceaușescu ulianguka kwa siku chache. Maandamano yaliyoanza Timișoara tarehe 16 Desemba 1989 yalifika Bucharest; tarehe 22 Ceaușescu akatoroka kwa helikopta kutoka kwenye paa la makao makuu ya Chama cha Kikomunisti, na siku ya Krismasi yeye na mkewe Elena wakapigwa risasi huko Târgoviște baada ya kesi ya haraka. Madaraka yalishikwa na Jumuiya ya Wokovu wa Taifa (FSN) chini ya Ion Iliescu, aliyewahi kupanda ngazi za juu za Chama cha Kikomunisti kabla ya kusukumwa pembeni. FSN ilijitambulisha kuwa uongozi wa mpito tu, wa kuivusha nchi hadi uchaguzi. Januari 1990 ikatangaza kwamba nayo itagombea.

Tangazo hilo liliwauma wengi waliokuwa wamepoteza ndugu zao mitaani mwezi mmoja kabla. Machi 11, 1990, lilisomwa Tamko la Timișoara, ambalo kipengele chake cha 8 kilitaka viongozi wa zamani wa Chama cha Kikomunisti na maofisa wa Securitate, polisi wa siri, wasigombee kwa vipindi vitatu vya bunge mfululizo. Aprili, vijana walipiga kambi katika Uwanja wa Chuo Kikuu jijini Bucharest wakilidai jambo hilohilo. Iliescu aliwaita „golani“, yaani wahuni. Wakalipokea jina hilo na kulivaa vifuani.

Nchi kwa jumla haikuwa upande wao. Katika uchaguzi wa Mei 20, 1990, Iliescu alipata asilimia 85 ya kura za urais, na FSN theluthi mbili za viti. Hata ukiondoa dosari zote za uchaguzi ule, na zilikuwapo, ni wazi kwamba wananchi walio wengi walimtaka. FSN ilikuwa imerudisha umeme na joto majumbani, imejaza chakula madukani baada ya miaka ya mgao, na televisheni ya taifa ilikuwa mikononi mwake. Mtu aliyelala na baridi kwa miaka minane hakuwa mjinga kumpigia kura aliyemwashia moto. Waliberali wa Romania walichelewa kulielewa hilo, na wengine hawakulielewa kamwe.

Kilichofuata Juni ndicho kilichowasukuma wasomi wengi kwenye siasa. Tarehe 13 polisi walivunja kambi ya uwanjani, vurugu zikazuka, na serikali ikaomba wananchi waje kuilinda. Tarehe 14 treni zilizojaa wachimba migodi wa Bonde la Jiu ziliingia Bucharest. Kwa siku mbili waliwapiga kwa marungu wanafunzi na wapita njia, wakavamia Chuo Kikuu na ofisi za vyama vya upinzani. Tarehe 15 Iliescu aliwashukuru hadharani. Watu waliokuwa wakifundisha, wakiandika na kutibu wagonjwa katika jiji hilo waliona mtu mwenye kitabu mkononi akipigwa kwa sababu ya kitabu hicho.

Kutoka vuguvugu hadi chama

Novemba 1990 ulizaliwa Muungano wa Raia (Alianța Civică, AC), vuguvugu lililowakusanya waandishi, wahandisi, walimu, wanafunzi na baadhi ya wafanyakazi wa viwandani. Mkutano wake mkubwa wa kwanza ulifanyika Novemba 15, kumbukumbu ya siku wafanyakazi wa Brașov walipoasi mwaka 1987, na umati mkubwa ulijaa katikati ya Bucharest. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa makusudi: wasomi walitaka kuonyesha kwamba hasira yao na ya mfanyakazi wa karakana ni moja. Mshairi Ana Blandiana, ambaye mashairi yake yalikuwa yamepigwa marufuku zama za Ceaușescu, akawa sura na sauti ya vuguvugu hilo.

Ndani ya AC kulizuka mabishano mazito. Wapo waliosema vuguvugu libaki nje ya kinyang'anyiro, liwe jicho la raia juu ya serikali yoyote itakayokuja. Siasa, kwa maoni yao, ilikwisha kuchafuliwa na miaka 45 ya chama kimoja, na atakayeigusa atanuka. Wengine walijibu kwamba maandamano hayapitishi sheria. Uzoefu wa mwaka ule uliwapa nguvu hawa wa pili. Julai 1991 AC ikazaa chama, nayo yenyewe ikabaki hai pembeni yake. Mama na mtoto wakaishi nyumba mbili, na watu walewale wakipita mlango huu na ule.

Aliyekabidhiwa uongozi, Nicolae Manolescu, alizaliwa Râmnicu Vâlcea mwaka 1939. Wazazi wake walikamatwa kwa sababu za kisiasa mwaka 1952, naye akatumia jina la ukoo wa upande wa mama ili aweze kuendelea na masomo. Akawa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Bucharest na mhakiki aliyeheshimiwa kuliko wote wa kizazi chake. Kati ya 1977 na 1983 aliongoza Cenaclul de Luni, jumuiya ya fasihi ya kila Jumatatu iliyolea washairi vijana, hadi ilipofungwa. Tangu 1990 alikuwa mhariri wa gazeti la fasihi România literară. Hivyo kilipatikana chama cha siasa ambacho mwenyekiti wake alizoea kusoma maandishi ya wengine kwa jicho kali, na kutoa hukumu bila kumwogopa mtu. Kwa mhakiki hiyo ni sifa kubwa, lakini kiongozi wa chama kidogo kinachohitaji marafiki huilipia gharama.

Sera za PAC zilikuwa za kiliberali waziwazi: soko huria, ubinafsishaji wa haraka, kurudishwa kwa mali zilizotaifishwa, mahakama huru, kufunguliwa kwa mafaili ya Securitate, haki za makabila madogo na safari ya kuelekea Ulaya. Kwa mwalimu wa Bucharest, Timișoara au Cluj, maneno haya yalikuwa pumzi. Lakini wakati huo karibu nusu ya Waromania waliishi vijijini, na huko PAC hakikuwa na matawi ya maana, wala babu aliyekumbuka kukipigia kura kabla ya vita, kama ilivyokuwa kwa Chama cha Wakulima (PNȚCD).

Ndani ya Mwafaka wa Kidemokrasia

Mwishoni mwa 1991 vyama vya upinzani na jumuiya za kiraia viliungana na kuunda Mwafaka wa Kidemokrasia wa Romania (CDR). Nguzo yake ilikuwa PNȚCD cha Corneliu Coposu, mzee aliyekaa jela za kikomunisti miaka 17. PAC na AC vilijiunga vyote viwili, na pia chama cha Wahungari wa Romania, UDMR. Uwepo wa Wahungari ulihitaji ujasiri: damu ilikuwa imemwagika Târgu Mureș Machi 1990 kati ya Waromania na Wahungari, na serikali iliutumia uhasama huo vizuri. PNL, chama kikongwe cha waliberali, kilijitoa CDR Aprili 1992. Septemba kiligombea peke yake, kikashindwa kufikisha asilimia 3 zilizohitajika, kikakosa kiti hata kimoja.

Manolescu alikuwa miongoni mwa waliotajwa kugombea urais kwa tiketi ya CDR mwaka 1992. Aliyeteuliwa ni Emil Constantinescu, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Bucharest, ambaye naye alitoka katika mazingira yaleyale ya kiraia. Constantinescu alifika duru ya pili na kupata zaidi ya asilimia 38 dhidi ya Iliescu. Bungeni CDR ilipata asilimia 20 za kura, na katika mgawo huo PAC kilitoka na wabunge 13 na maseneta 7. Kwa chama cha miezi 14, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kusaga meno. Serikali ya Nicolae Văcăroiu ilitawala kwa kuegemea vyama vya kizalendo vyenye ukali na mabaki ya wakomunisti. Mwaka 1993 mfumuko wa bei ulipita asilimia 250. Mjini Cluj watu walipanga foleni kutumbukiza akiba zao katika Caritas, upatu ulioahidi kurudisha fedha mara nane kwa miezi mitatu. Ulianguka mwaka 1994 na kuacha vilio. PAC kilikuwa kikihubiri soko huria kwa wananchi waliokuwa wameonja soko kwa sura hiyo. Wabunge wake, mwandishi Stelian Tănase akiwamo, walisema vizuri bungeni, nao walisomwa zaidi kuliko walivyosikilizwa.

Mpasuko wa 1995

Mapema mwaka 1995 CDR ilitaka vyama wanachama vifunge safu kwa ajili ya uchaguzi uliokuwa mbele, chini ya nidhamu moja ambayo kwa kweli ilimaanisha uzito wa PNȚCD. Msimamo wa UDMR kuhusu mamlaka ya ndani ya Wahungari ulizidisha mvutano. UDMR ilitoka. PAC nacho kilitoka, pamoja na PL'93, chama cha waliberali waliojitenga na PNL. PNL chenyewe, kilichojifunza kwa maumivu ya 1992, kilikuwa kimebadili uongozi na sasa kilirudi ndani.

Sababu za PAC zilikuwa na uzito. Chama cha kiliberali hakikupenda kuyeyuka ndani ya muungano uliotawaliwa na chama cha kidini na kikulima, na Manolescu aliamini kwamba Romania inahitaji nguzo huru ya kiliberali. Ila hesabu ilikuwa dhidi yake. Wapiga kura wake ndio walewale waliotaka upinzani uwe mmoja. Kila asubuhi waliyoamka na Iliescu bado yuko ikulu, hamu yao ya umoja ilizidi. Wanachama kadhaa hawakumfuata. Kosa ambalo PNL kililifanya Aprili 1992, na adhabu yake ikaonekana na kila mtu miezi mitano baadaye, PAC kililirudia kikiwa macho.

Kwa uchaguzi wa Novemba 1996 PAC na PL'93 viliunda Umoja wa Kitaifa wa Kiliberali. Haukufikisha hata asilimia 2 za kura za bunge la chini. Manolescu, mgombea wake wa urais, alipata chini ya asilimia 1. Wiki mbili baada ya duru ya kwanza Constantinescu alimshinda Iliescu kwa zaidi ya asilimia 54, na umati ukarudi katika Uwanja wa Chuo Kikuu kushangilia mahali palepale vijana walipopigwa mwaka 1990. Wengi wa walioimba usiku ule waliwahi kukipigia PAC kura.

Baada ya chama

Mwaka 1998 PAC kilijiunga na PNL. Manolescu aliiacha siasa miaka michache baadaye, akachapisha mwaka 2008 historia yake kubwa ya fasihi ya Kiromania, akaiwakilisha nchi yake UNESCO, na akafariki Machi 2024.

Madai ambayo chama kiliyabeba yalipata njia kwa mikono ya wengine. Sheria ya kufungua mafaili ya Securitate ilipitishwa mwaka 1999. Romania iliingia NATO mwaka 2004 na Umoja wa Ulaya mwaka 2007. Kipengele cha 8 cha Timișoara hakikubahatika hivyo: sheria ya kuwachuja viongozi wa zamani ilipita bungeni baada ya miaka 20, na Mahakama ya Katiba ikaibatilisha mwaka 2010, wakati wengi wa waliolengwa walikwisha kustaafu.

Muungano wa Raia, ule wa mama, uliishi kuliko mtoto wake. Ana Blandiana na mumewe Romulus Rusan waliligeuza gereza la Sighet, kaskazini kabisa mwa nchi, kuwa makumbusho ya wahanga wa ukomunisti. Chumba alimofia Iuliu Maniu, waziri mkuu wa zamani na kiongozi wa Chama cha Wakulima, mwaka 1953, sasa kiko wazi, na wanafunzi huingia humo kwa zamu.