Hadithi ya Utumwa Mpole: Brazili Ikitazamwa kutoka Tongoni

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakiulizwa wanaijua Brazili kwa lipi, hutaja mpira, kanivali na Pelé, kisha hunyamaza. Hawana lawama. Wabrazili wenyewe, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, walipojieleza kwa wageni walianzia papo hapo: ngoma, ufukwe, na watu wa kila rangi wakicheka pamoja. Mimi nataka kuieleza nchi hiyo kwa kuanzia mahali ambapo msomaji huenda hakupatarajia, yaani Tongoni, kijiji kilicho mwendo mfupi kusini mwa mji wa Tanga, kando ya barabara iendayo Pangani.

Jina lenyewe lina maana ya mahali pa magofu. Tongo ni makazi yaliyohamwa. Zamani paliitwa Mtangata. Pamesalia msikiti uliobomoka na makaburi yapatayo 40, mengi yao ya minara, ambayo wataalamu wa mambo ya kale huyahesabu kuwa mkusanyiko mkubwa kuliko wowote wa makaburi ya aina hiyo katika pwani ya Afrika Mashariki. Waliozikwa humo walikuwa waungwana, watu wa mali na nasaba. Kwenye kuta za makaburi yao zilipachikwa bakuli za kauri zilizoletwa na biashara ya bahari. Bakuli zimekwisha kung'olewa, na vishimo vyake vimebaki wazi.

Mwezi Aprili 1498, merikebu ya Kireno iitwayo São Rafael, mojawapo ya zile zilizoongozwa na Vasco da Gama, ilikwama kwenye mafungu ya mchanga mbele ya Mtangata. Mwandishi wa safari ile anasimulia kwamba wenyeji walikuja na mashua mbili zilizojaa machungwa, akakiri kuwa yalikuwa mazuri kuliko ya Ureno. Maji yalipojaa merikebu ikaelea, wakaendelea Mombasa. Waliporudi kutoka Bara Hindi, Januari 1499, maradhi yalikuwa yamekwisha kuwapunguza kiasi kwamba hawakuwa na mikono ya kuendesha merikebu tatu. Basi São Rafael ikachomwa moto hapo hapo, na katika siku 15 walizokaa, watu wa Mtangata wakawauzia kuku kwa kubadilishana na mashati na bangili.

Miezi 14 baadaye, Machi 1500, msafara wa pili uliondoka Lisbon ukiwa na merikebu 13 chini ya Pedro Álvares Cabral. Ulipinda mno upande wa magharibi, na tarehe 22 Aprili ukaona nchi ambayo leo ni Brazili. Haukukaa sana. Julai ya mwaka ule ule Cabral alikuwa Kilwa, na Agosti alikuwa Malindi. Kwa hiyo mabaharia wale wale, ndani ya takriban miezi mitatu, waliiona pwani ya Bahia na pwani yetu. Vitabu vya shule hutenga mambo haya mawili kana kwamba yalitokea katika dunia mbili.

Kwa nini pwani moja ikawa nchi ya Wareno na nyingine haikuwa? Jibu fupi ni kwamba huku walikuta bandari, wafanyabiashara na dola ndogo ndogo, wakataka ushuru na dhahabu ya Sofala. Kule walikuta ardhi. Mfalme wa Ureno aliigawa pwani ya Brazili kwa mabwana wachache mwaka 1534, na mwaka 1549 akapeleka gavana mkuu wa kwanza aliyeujenga mji wa Salvador. Wenyeji wa kule waliteketezwa na maradhi mageni pamoja na kazi za shuruti. Huku, maradhi ya nchi ndiyo yaliyowateketeza wageni. Ngome ya Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, ilianguka mikononi mwa Waomani mwaka 1698, na Wareno wakatuachia meza, leso, bendera na gereza. Walituachia pia vyakula vya Wahindi wa Brazili: muhogo, nanasi, na mkanju wa korosho, ambao majina yake mawili ya mwisho yametoka katika lugha ya Watupi. Mpishi wa Tanga anayekaanga muhogo wa jioni anapika chakula ambacho asili yake ni huko.

Lakini biashara iliyoziunganisha pwani hizi kwa uzito zaidi ilikuwa ya watu. Kati ya Waafrika takriban milioni 10.7 walioshushwa wakiwa hai katika bara la Amerika, kama milioni 4.8 walishushwa Brazili. Waliopelekwa moja kwa moja katika nchi ambayo leo ni Marekani hawakufika laki nne. Wengi walitoka Angola, Kongo na pwani ya Benin. Hata hivyo, mkataba wa mwaka 1815 kati ya Uingereza na Ureno ulipoharamisha biashara hiyo kaskazini mwa ikweta, wafanyabiashara wa Rio de Janeiro walizidi kugeukia upande wetu: Kisiwa cha Msumbiji, Quelimane, Inhambane. Wamakua na Wayao, ambao jamaa zao wengine walipelekwa Kilwa na Unguja, walijikuta Rio wakiitwa kwa jina moja tu, "Moçambique". Jina hilo lingali hai. Katika jimbo la Minas Gerais, kwenye sherehe za Mama wa Rozari, kuna vikundi vya ngoma viitwavyo Moçambique ambavyo wachezaji wake hufunga njuga miguuni.

Kilichowala watu hawa kwanza kilikuwa sukari, na hapa ndipo Brazili inapotusogelea zaidi kuliko tunavyopenda. Muwa hausubiri. Ukikatwa lazima ukamuliwe upesi, na maji yake yachemshwe kabla hayajachacha. Kwa hiyo msimu wa mavuno kinu hufanya kazi usiku na mchana, na mwenye shamba hana subira na mtu aliyechoka. Katika mashamba ya Brazili watumwa walikufa kuliko walivyozaliana, na pengo likazibwa kwa kununua wapya. Sasa tazama Pangani, jirani ya Tongoni kwa upande wa kusini. Katika karne ya 19 bonde la mto Pangani lilijaa mashamba ya miwa, mengi yakiwa ya Waarabu wa Kiomani, yakitoa sukari guru na asali ya miwa kwa ajili ya soko la Unguja na kwingineko. Desturi ya pwani ilikuwa mtumwa wa shamba kupewa kipande chake cha kulima na siku zake, kwa kawaida Alhamisi na Ijumaa. Kinu cha miwa hakikuijua Alhamisi. Wenye mashamba wakazidi kubana, na mwaka 1873 watumwa wa Pangani wakaasi na kutorokea bara. Brazili huwaita watu kama hao kwa neno la Kibantu, quilombo, likimaanisha makazi ya watoro. Sisi tuliwaita watoro tu, kana kwamba ni watoto waliokimbia shule.

Mwaka huo huo wa 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari, na soko la Mkunazini likafungwa. Lakini kimbunga cha 1872 kilikuwa kimeangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ilikuwa inazidi kupanda na kuhitaji mikono, na Pemba inatazamana na pwani ya Tanga. Misafara ikatembezwa nchi kavu kutoka upande wa Kilwa hadi Pangani na vijiji vyake, kisha majahazi yakavuka usiku. Wabrazili wana msemo juu ya sheria ya namna hiyo. Sheria yao ya mwaka 1831 ilitangaza kuwa kila mtumwa anayeshushwa nchini ni huru. Baada yake wakashushwa mamia ya maelfu, hadi sheria ya 1850 ilipotekelezwa kweli. Tangu hapo, jambo linalofanywa kwa kujionyesha tu huambiwa limefanywa "ili Mwingereza aone". Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu watajua msemo huo ungefaa kubandikwa wapi.

Nirejee kwenye namna Wabrazili walivyojieleza. Mwaka 1933 Gilberto Freyre, mwenyeji wa Recife, alichapisha Casa-Grande e Senzala, kitabu juu ya nyumba ya bwana na mabanda ya watumwa. Kilikuwa na sifa yake: wakati ambapo wasomi wengi waliona damu ya Kiafrika kuwa balaa la taifa, Freyre alisema ndiyo iliyoijenga Brazili. Lakini kilisaidia pia kustawisha imani kwamba utumwa wa Kireno ulikuwa na huruma, kwamba bwana na mtumwa walinyonya titi moja, na kwamba kwa sababu hiyo Brazili haina ubaguzi. Wageni waliamini. Baada ya Vita Kuu ya Pili UNESCO iligharimia utafiti huko, kwa matumaini kwamba dunia iliyojeruhiwa na Unazi ingejifunza siri ya maelewano. Watafiti, miongoni mwao Florestan Fernandes wa São Paulo, walirudi na jambo jingine: mtu mweusi alikuwa ameachwa huru bila ardhi, bila shule na bila kazi ya maana, na tabasamu la ufukweni lilikuwa linaficha hesabu hiyo.

Sisi wa pwani tuna Freyre wetu wengi, ijapokuwa hawakuandika vitabu. Ni mara ngapi tumesikia kwamba utumwa wa huku ulikuwa wa kindugu, kwamba mtumwa alikuwa mtu wa nyumbani? Kuna ukweli ndani yake. Mtoto wa suria aliyekiriwa na baba yake alizaliwa huru na kurithi. Mzalia hakuwekwa daraja moja na aliyeletwa jana. Wapo waliotumwa na misafara wakawa na mali zao. Ngazi zilikuwepo. Ila ushahidi huu wote hutoka nyumbani, mjini, kwa bwana. Haukutoka kinuni. Freyre naye aliichungulia Brazili kutoka barazani kwa bwana, na kwa dirisha hilo kila utumwa huonekana mpole.

Chukua habari ya Abushiri bin Salim. Kila mwanafunzi wa Tanzania anamjua kama shujaa aliyewapinga Wajerumani walipojaribu kuitwaa Pangani mwezi Agosti 1888, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Alistahili kukumbukwa. Lakini alikuwa pia mwenye shamba la miwa karibu na Pangani, na shamba hilo lililimwa na watumwa. Miezi mitatu kabla ya bendera ya Wajerumani kuzua ghasia hizo, tarehe 13 Mei 1888, Brazili ilikuwa imefuta utumwa, ikiwa nchi ya mwisho kufanya hivyo katika bara la Amerika. Sioni kwa nini mwanafunzi wa kidato cha tatu asiambiwe mambo haya yote kwa pamoja. Shujaa anayevunjika kwa kuelezwa ukweli wake hakuwa na kazi nyingine ila kupambwa.

Tena tusiharakishe kuicheka Brazili kwa kuchelewa. Mwaka 1871 ilitunga sheria kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa tangu hapo watakuwa huru. Serikali ya Kijerumani ilitoa amri ya namna hiyo huku kwetu kwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905, zaidi ya miaka 30 baadaye, na haikuufuta utumwa wenyewe hadi ilipong'olewa na vita. Hali ya utumwa iliondolewa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Hiyo ni miaka 34 baada ya Brazili. Yupo mzee aliyezaliwa baada ya hapo na angali hai leo.

Brazili ya sasa haijawa pepo. Weusi na machotara, ambao katika sensa ya 2022 walikuwa zaidi ya nusu ya wananchi, ndio wengi katika magereza na vitongoji duni. Waliokuwa madarakani walijaribu hata kufuta alama: mwaka 1890 Rui Barbosa, waziri wa fedha, aliamuru kumbukumbu za utumwa zilizokuwa wizarani mwake zichomwe. Lakini kwa shinikizo la wanaharakati weusi, sheria ya 2003 ililazimisha shule zote kufundisha historia ya Afrika na ya Wabrazili wenye asili ya Afrika. Tarehe 20 Novemba, siku aliyouawa Zumbi, kiongozi wa watoro wa Palmares, mwaka 1695, imekuwa sikukuu ya taifa zima tangu 2024. Mjini Rio, gati la Valongo walikoshushwa watumwa lilifukuliwa mwaka 2011 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2017. Si mbali na hapo, mwaka 1996, mafundi waliokuwa wakikarabati nyumba ya mtu walikuta mifupa chini ya sakafu. Yalikuwa makaburi ya "weusi wapya", wale waliokufa mara tu baada ya kushushwa, kabla hawajanunuliwa.

Tongoni tunatunza minara ya waungwana, na hata hiyo kwa shida. Waliokamua miwa ya Pangani hawakujengewa minara, lakini wameacha nyayo katika karatasi. Serikali ya Kijerumani iliwapa maelfu ya watumwa hati za uhuru, na majalada yake mengi yamehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Wapo pia wajukuu wa Wazigua waliochukuliwa kutoka nyuma ya pwani hii wakati wa njaa ya karne ya 19 na kuishia Somalia, ambao baadhi yao vita vimewarudisha Chogo, wilayani Handeni, wakiwa wangali wanasema Kizigua. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu aanze na Chogo, kwa kuwa wazee hawangoji. Kisha ajifunze Kijerumani, aende kwenye majalada.