Kutoka Rejaf hadi Gurei: Maarifa Asilia ya Wabari na Utafiti wa Chuo Kikuu

Aprili 1928, wamishonari na maofisa wa kikoloni walikutana Rejaf, kusini ya Juba ya leo, kuamua ni lugha zipi za Sudan ya Kusini zingeandikiwa vitabu vya shule. Kibari kiliteuliwa. Mwezi Juni mwaka huohuo, mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Wanahistoria wa Kiswahili huusimulia sana mkutano wa pili na kuusahau wa kwanza, ilhali mantiki ilikuwa moja: lugha ya wenyeji ilipokewa kama chombo, na elimu iliyopakiwa humo ikatoka kwingine.

Mwaka 1933 padri Lorenzo Spagnolo alichapisha Verona sarufi ya Kibari. Ni kazi ya kuheshimika, lakini Wabari waliomfundisha lugha hawakuhesabiwa kuwa waandishi wenzake. Mwaka mmoja kabla, C. G. Seligman na Brenda Seligman walikuwa wameeleza mawe ya mvua ya Wabari katika kitabu ambacho jina lake lenyewe linawaita wahusika wapagani. Tangu hapo maarifa ya matat lo pion, mkuu wa mvua, na ya monyekak, msimamizi wa ardhi, yakawekwa katika kapu la dini.

Uainishaji huo una gharama, na gharama hiyo inaonekana Gurei, magharibi ya Juba, ambako mji unapanuka ndani ya nchi ya Wabari. Monyekak hutazamiwa kujua nani alitangulia kulima wapi na mpaka unapita wapi. Sheria ya Ardhi ya 2009 inatambua umiliki wa kimila; Katiba ya Mpito ya 2011 inazitaja lugha zote za asili kuwa lugha za taifa. Kwa hiyo ujuzi huo ni ushahidi, si ngano.

Chuo Kikuu cha Juba kilianzishwa 1975, lakini vita vilikihamishia Khartoum mwaka 1989, mbali na wenye maarifa hayo. Kurudi kwake kulikuwa fursa ya kuanza upya. Hata hivyo, mazoea ya vyuo vya ukanda mzima humwita mzee kama huyo “mtoa taarifa” na kulificha jina lake. Kanuni inayomlinda mgonjwa hapa humfuta mwanazuoni.

Tanzania ilitangulia: kitengo cha tiba asilia kilichoanzishwa Muhimbili mwaka 1974 kilipewa hadhi ya taasisi mwaka 1991. Ni hatua kubwa, ijapokuwa mizani ya maabara ndiyo iliyobaki kuwa hakimu, na mpaka wa shamba haupimiki maabara.

Washauri wa sera wangeanza na jambo dogo: mzee atakayeridhia atajwe kwa jina kama mwandishi mwenza, fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kibari, na istilahi zake zitangulie katika maandishi, tafsiri ifuate.