Tarehe ya Njia ya Mtae

Mji wa Mtae umekaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Usambara, mahali ambapo nchi ya juu hukatika ghafula ikashuka kiasi cha mita 1,000 hadi nyika ya Mkomazi, na ng'ambo ya nyika husimama milima ya Upare. Na msafiri aliyeondoka Mombo, akapanda kwa Soni na Lushoto, kisha akapita Magamba, Lukozi, Manolo na Sunga, akifika Mtae hukuta mabasi yamekomea hapo, yakingoja alfajiri yarudi yalikotoka. Kwa hiyo mgeni hudhani kwamba Mtae ni mwisho wa njia. Lakini anayetaka tarehe ya njia katika nchi hii hana budi kuipa Lushoto kisogo na kutazama bondeni, maana njia kuu ya kwanza ambayo watu wa Mtae waliijua ilipita chini yao wala haikupanda.

Njia hiyo ni ile ya misafara ya Pangani. Ilitoka bandarini ikaandamana na mto, ikafika Mazinde chini ya milima, ikaambaa na bonde la Mkomazi kwenda Gonja na Kisiwani, hata ikatokea Taveta na nchi za Kilimanjaro. Wapagazi waliingia bara na merikani, kaniki, ushanga, waya na baruti, wakarudi pwani na pembe za ndovu, na pamoja na pembe wakarudi na wanadamu waliofungwa. Kimweri wa Nyumbai, Simba Mwene wa Vugha, alitawala akiwa kilimani, na ufalme wake ulisimama juu ya mvua, nasaba na kodi ya mazao. Ila alipofariki mwaka 1862 mwanawe Semboja, aliyekaa Mazinde, alikuwa amekwisha kufahamu kwamba mwenye kukaa kando ya njia hupokea hongo, na mwenye kupokea hongo hupata bunduki. Ndipo vita vya Wakilindi, ukoo wa wafalme hao, vikazuka, vikadumu miaka mingi, Vugha ikaangamizwa, na watu ambao baba zao walikuwa raia wa mfalme mmoja wakatekana na kuuzana. Wenyeji wa Mtae husimulia kuwa mji wao ulikuwa kituo cha walinzi, ambao kutoka genge la mlima waliwaona Wamasai wakija uwandani kabla hawajafika kwenye malisho. Na kwa hakika anayesimama hapo siku isiyo na ukungu hatashangazwa na riwaya hiyo.

Ni jambo la bahati kwamba mtu wa kwanza kuandika tarehe ya nchi hii kwa Kiswahili aliishi katika njia yenyewe. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy alikaa na Semboja, akayaona mambo ya baraza lake kwa macho yake, akakusanya ya kale kwa masikio yake, na kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilipigwa chapa kwa sehemu na wamisionari wa Magila mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kisha kikatolewa upya Nairobi mwaka 1962. Humo mna Mbegha, mwanzilishi wa Wakilindi, na nguruwe wake, mna wafalme na vita na hila za wakubwa; bali wapagazi humo hupita kimya, mzigo kichwani, wala hatuambiwi majina yao. Simlaumu, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya watarehe wote wa zama zake, wa Mashariki na wa Magharibi. Nalitaja kwa sababu kasoro hiyo imerithiwa na kila aliyeandika juu ya njia za Usambara baada yake.

Wamisionari wa Kijerumani wa Bethel walifika Mlalo mwaka 1891, wakaenea hadi Mtae kabla ya karne ile kwisha. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, na kwa kufika huko njia ya misafara ikafa kifo cha upole: hakuna aliyeifunga, ila hakuna tena aliyekuwa na haja ya kupagaza mzigo ambao behewa lingeubeba. Mazinde ikawa kituo miongoni mwa vituo. Utukufu wa njia ukahamia kwenye barabara ya kupanda, kutoka Mombo hadi boma la Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, barabara ambayo kwa kilomita 30 na kidogo humtoa mtu katika joto la mkonge na kumwingiza katika baridi ya maparachichi na mapeasi, ikijipinda juu ya korongo la Soni kiasi kwamba abiria wa kushoto na wa kulia hupokezana hofu kila kona.

Nani aliyeichimba barabara hiyo? Katika Usambara ya Magharibi, kuanzia mwaka 1907, kila mwanamume alipewa kipande kilichomlazimu kumfanyia kazi Mzungu siku 30 katika kila miezi 4 kwa ujira uliokwisha kupangwa, na asiyetimiza alichukuliwa kwenye kazi za serikali, na miongoni mwa kazi za serikali hakuna iliyokuwa na njaa ya watu kuliko barabara. Huko Shume kampuni ya Wilkins na Wiese ilitandaza waya mnene wa chuma juu ya nguzo ili kushusha magogo ya mierezi kutoka msituni hadi reli ya Mkumbara, na ajabu hiyo ilipigwa picha nyingi na kusifiwa katika magazeti ya wahandisi wa Ulaya. Picha zinaonyesha nguzo, magurudumu na magogo yaning'iniayo juu ya genge. Watu wamo pia, ili mtazamaji apate kukadiria urefu wa nguzo.

Vita Kuu ilipokuja, majeshi ya Waingereza yaliifuata reli mwaka 1916, na Wilhelmstal ikaanguka mwezi Juni. Waingereza wakarudisha jina la Lushoto, wakaendeleza barabara na msaragambo, yaani kazi ya pamoja, na baada ya Vita ya Pili wakaanzisha Mlalo, mwaka 1946, mpango wa kuhifadhi udongo uliowalazimisha watu kulima kwa matuta, mpango uliochukiwa hata ukavunjwa kabla ya uhuru. Waweza kuuliza matuta yana uhusiano gani na barabara. Yana uhusiano mkubwa, kwa sababu wazee wengi wa milimani hawahesabu miaka kwa tarakimu. Kona fulani ilipanuliwa kabla ya matuta, daraja fulani lilisombwa na maji baada ya matuta, lori la kwanza lilikwama Sunga wakati wa matuta yenyewe. Mtarehe asiyejua kalenda hiyo atasikia habari nyingi sahihi na kuzipanga zote mahali pasipo pake.

Baada ya uhuru barabara ilibadili mzigo. Kabichi, viazi, karoti, maharage na pilipili hoho za Lukozi na vijiji vya jirani zikawa ndizo zinazolipia njia, na malori yakashuka usiku ili yafike Dar es Salaam soko likifunguliwa. Akatokea dereva anayejua kuishusha gari kwa gia bila kuchoma breki, utingo anayelala juu ya viroba, mwanamke anayesimama kandoni saa kumi za usiku na tenga lake akingoja bei ambayo hakuipanga yeye. Lami iliishia Lushoto kwa miaka mingi, na mbele ya hapo masika yalikuwa na amri kuliko ratiba yoyote. Nimetaja watu hawa kwa makusudi, kwa sababu ndio wenye tarehe ya barabara, ilhali hakuna karatasi hata moja ya serikali iliyokusudiwa kuwahifadhi.

Karatasi za serikali zenyewe zimetawanyika. Daftari la wilaya la zama za Waingereza na majalada yake yako katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Mambo ya Wajerumani mengine yako huko, mengine Ujerumani. Barabara kuu zilikabidhiwa kwa TANROADS ilipoanzishwa mwaka 2000, na za vijijini kwa TARURA mwaka 2017, na kila makabidhiano ya ofisi ni nafasi ya jalada kupotea. Masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na Steven Feierman katika miaka ya 1960 yalizaa kitabu kikubwa juu ya ufalme wa Washambaa, kilichotoka Marekani mwaka 1974 kwa Kiingereza, na wajukuu wa waliosimulia wengi hawajakitia machoni. Picha za harusi zilizopigwa mbele ya basi jipya, stakabadhi za mboga, leseni za udereva, barua za wanyapara, zote zimo katika masanduku ya bati, na ukungu wa Mtae hauna huruma kwa karatasi wala kwa picha.

Hapa ndipo hifadhi ya kidijitali ya jamii inapopata maana, nayo si jambo geni duniani. Wamarekani walipoiondoa Route 66 katika orodha ya barabara zao kuu mwaka 1985, miaka 59 tangu ianzishwe, barabara iliyounganisha Chicago na Santa Monica kwa kilomita zipatazo 3,900, walidhani wameondoa namba tu; baadaye wakaona kuwa wenye migahawa, vituo vya mafuta na nyumba za wageni wanakufa na habari zao, ikapitishwa sheria mwaka 1999 ya kuisaidia hifadhi ya njia hiyo, na maktaba na makumbusho za majimbo yake zikaanza kushirikiana. Katika ukusanyaji huo kilipata heshima yake kijitabu alichoanza kukitoa Victor Hugo Green mwaka 1936, kilichowaelekeza wasafiri weusi mahali watakapopata kitanda na sahani bila kufukuzwa. Barabara iliyosifiwa kuwa ya uhuru ilikuwa na ramani ya pili, na ramani hiyo haikuwa mikononi mwa wahandisi.

Hata hivyo mfano wa Marekani hautoshi kwa Mtae, kwa kuwa si kila neno la Usambara ni la kusikilizwa na kila mtu. Ziko habari za matambiko, za makaburi ya wakubwa, za nani aliuza nani wakati wa vita, ambazo zikimwagwa katika intaneti zitavunja nyumba. Katika jambo hili naona waliotangulia kwa busara ni Wawarumungu wa Tennant Creek, wenyeji wa asili wa Australia, ambao mwaka 2007 walishirikiana na wataalamu kuunda hifadhi iitwayo Mukurtu, yenye kufuata adabu zao wenyewe: picha hii kwa ukoo huu, wimbo ule kwa wanawake, habari hii kwa wote. Programu hiyo sasa hutolewa bure, na jamii nyingine huitengeneza kwa kipimo chao. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo humpa msimuliaji haki ya kuulizwa kabla habari zake hazijatumiwa. Ila naona idhini ya karatasi peke yake ni adabu ndogo, na kwamba msimuliaji arudiwe na asomewe alichosema, kwa Kishambaa kama alisema kwa Kishambaa, apate nafasi ya kukunja uso na kusema, hilo liondoe.

Kuhusu vyombo sitakawia. Simu janja nzuri hupiga picha ya barua kwa usafi wa kutosha, na kinasa sauti hakihitaji chumba cha fahari, ila kinahitaji mahali pasipo na upepo, jambo ambalo huko Mtae ni anasa. Kazi iliyo nzito ni kuandika maelezo ya kila kitu: nani, wapi, lini, kwa idhini ya nani, kwa maana picha ya lori bila maelezo hayo ni picha ya lori, basi. Na nakala ziwe nyingi, moja Mtae, moja Lushoto, moja katika makumbusho ya Urithi mjini Tanga au kwenye Nyaraka za Taifa, kwani diski huharibika kimya kimya, na mafundi wa mambo haya duniani hawaamini chombo kimoja hata kiwe cha bei gani.

Jambo moja tu katika mpangilio nitaling'ang'ania. Maofisa hupanga nyaraka kwa tawala: Wajerumani, Waingereza, Uhuru. Kwa barabara hii mpango huo ni dhuluma, kwa kuwa humfanya gavana kuwa mlango wa kila habari, na mchimba mfereji kuwa nukta ndani yake. Ipangwe kwa mahali: Mombo, kona za Soni, mnada wa Lushoto, ukungu wa Magamba, gulio la Lukozi, Manolo, Sunga chini ya msitu wa Shagayu, na Mtae, na ndani ya kila mahali kipande cha mwaka 1907 kilale karibu na stakabadhi ya kabichi, ili mjukuu aulize mwenyewe kwa nini babu alilazimishwa kuchimba kona ambayo baba aliitajirikia.

Na kazi isianzie Mombo. Barabara ya lami ina mafaili, ina namba, ina wakandarasi wenye ripoti zao. Vijia vya miguu vinavyoshuka kutoka Mtae hadi nyikani, ambavyo kwavyo wanawake walibeba ndizi na maharage kwenda kubadilishana na watu wa chini, na kwavyo habari za misafara zilipanda kabla misafara yenyewe haijapita, havina namba wala mkandarasi, na wanaokumbuka mahali pa kupumzikia, majina ya mawe na chemchemi zilizokauka sasa ni wazee wenye magoti mabovu ambao hawatashuka tena. Wakae barazani, kijana ashuke na simu, wazungumze kwa sauti akipita jiwe kwa jiwe, na mazungumzo hayo yawe faili ya kwanza.