Wahifadhi wa Pwani Moja

Hewa ya bahari haina huruma kwa vitu vya kale. Chumvi yake hutua juu ya panga na sarafu, unyevu wake hupenya katika kurasa za miswada, na masika yakiingia, ukungu huota kwenye ngozi za ngoma. Mchwa nao hufanya kazi yao kimya kimya ndani ya milango ya nakshi. Mtu aliyekabidhiwa ghala la makumbusho, awe Unguja, Mombasa au Lamu, hupambana na maadui hao hao. Kwa hiyo historia ya makumbusho ya pwani si ya majengo na makabati ya vioo peke yake. Ni historia pia ya watu waliopigana vita vya aina moja kwa muda mrefu kabla ya kujuana.

Chanzo cha kutojuana kimo katika kuzaliwa kwa makumbusho yenyewe. Beit al-Amani ilifunguliwa Unguja mwaka 1925, chini ya himaya ya Uingereza, kuwa kumbukumbu ya amani baada ya Vita Kuu vya Kwanza. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo baadaye iligeuzwa gereza, ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960. Makumbusho ya Lamu yakafuata mwaka 1971. Wasimamizi wa mwanzo Mombasa na Lamu walikuwa wageni: James Kirkman katika Ngome ya Yesu, na James de Vere Allen Lamu. Zanzibar ilikuwa na mamlaka yake na Kenya yake, na bahari iliyowaunganisha manahodha kwa karne nyingi ikawa mpaka kwa watumishi wa makumbusho.

Kazi yenyewe iliwafundisha haja ya wenzao. Kati ya mwaka 1977 na 1980, wapiga mbizi na wanaakiolojia walichimbua mabaki ya Santo António de Tanná, merikebu ya Kireno iliyozama mbele ya Ngome ya Yesu mwaka 1697, ngome ilipokuwa imezingirwa na Waomani. Vilivyotolewa majini vilihitaji uangalizi wa namna ya pekee. Ubao uliolowa kwa karibu miaka 300 ukikaushwa kwa pupa hupasuka, na chuma kisipotolewa chumvi polepole humomonyoka. Elimu ya mti, ya chuma, ya nguo na ya karatasi haikai katika kichwa kimoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mafunzo ya pamoja yalikuja baadaye. ICCROM, shirika la kimataifa la uhifadhi lenye makao yake Rome, liliendesha mpango wa PREMA kwa ajili ya makumbusho ya Afrika hadi mwaka 2000. Kutokana na mpango huo zilizaliwa asasi mbili: moja Porto-Novo, Benin, mwaka 1998, na nyingine Mombasa, mwaka 2000, kwa ajili ya nchi zinazotumia Kiingereza. Mwaka 1999, mjini Lusaka, wanamakumbusho wa bara zima waliunda baraza lao, AFRICOM, na makao yake yakawekwa Nairobi.

Faida ya kukutana haikuwa cheti tu. Mhifadhi anayetoka mafunzoni mara nyingi hurejea kwenye ghala lile lile linalovuja na fungu lile lile dogo la fedha. Asipokuwa na mwenzake wa kumwuliza, ujuzi wake hufifia. Na vitu vyenyewe ni ndugu. Siwa ya pembe ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu hazielezeki vyema bila kukumbuka ngoma na siwa za Mwinyi Mkuu wa Unguja. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba, ulitoweka baharini katika karne ya 20. Lamu ulihifadhiwa mfano wake mdogo, na Unguja ulijengwa mtepe mzima ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib.

Yaliyoifika Beit al-Ajaib yanaonyesha kwamba umoja wa wajuzi peke yake hautoshi. Jumba hilo la Sultan Barghash, lililojengwa mwaka 1883, lilikuwa makumbusho ya historia na utamaduni tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2012 sehemu yake ilianguka, likafungwa. Tarehe 25 Disemba 2020, matengenezo yakiendelea, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa viliporomoka, na mafundi wawili wakapoteza maisha. Ubovu wa jengo haukuwa siri. Ndiyo sababu ya kufungwa kwake. Kujua ni jambo moja, na kupewa uwezo wa kutenda kwa wakati ni jambo jingine.

Miradi ya wafadhili ina mwanzo na mwisho, na wahifadhi waliofunzwa hustaafu. Mzee wa ghala anajua mlango ulitoka nyumba gani, nani aliuleta, na jina la fundi aliyeuchonga. Kijana asipoketishwa kando yake angali kazini, siku ya kustaafu mzee huondoka na hayo yote, na mlango hubaki ghalani ukiwa na namba bila jina.