Ziara ya Husuni Kubwa

Ninyi msomao Gachoka mmevizoea vilima, lakini juu ya vilima vyenu hamkuti magofu ya ngome. Wazee wa Mbeere walijenga kwa miti, udongo na nyasi, na vitu hivyo mvua na mchwa huvimaliza upesi. Atakaye kuona jumba la mfalme wa karne za kati lililojengwa mahali pa juu, na aufuate Mto Tana, upitao kusini mwa nchi ya Mbeere, hata afike baharini. Kisha ageuke kusini, aifuate pwani mpaka Kilwa, katika nchi ya Tanzania.

Mgeni hupata kibali Kilwa Masoko, akapanda mashua na kuvuka mlango wa bahari hadi Kilwa Kisiwani. Magofu ya mji wa kale, pamoja na Msikiti Mkuu, yako karibu na pwani. Walakini Husuni Kubwa iko mbali kidogo na mji, upande wa mashariki, juu ya jabali liangukalo baharini. Ngazi za mawe zateremka kutoka jumbani hadi ufukoni, na ajaye kwa chombo aliliona jumba muda mrefu kabla ya kutia nanga.

Neno husuni latokana na Kiarabu, na maana yake ni ngome. Hapa nakuomba, msomaji, usiliamini jina upesi. Ingia ndani uyaulize mawe. Jumba lina vyumba zaidi ya 100. Upande wa kaskazini, penye ukingo wa jabali, yalikuwa makao ya Sultani. Pana ua wenye madaraja ya kukalia, ambapo yumkini watu walikutana mbele yake, na birika la kuogea lenye pembe nane. Fikiri kidogo juu ya birika hilo. Kisiwa hakina mto. Maji yake yalitekwa kwa mikono na kubebwa na watu, ambao majina yao hayakuandikwa popote. Upande wa kusini uko ua mkubwa uliozungukwa na vyumba vingi, ambavyo wataalamu huviona kuwa maghala ya bidhaa. Je, ngome ya vita yataka birika la anasa na maghala kiasi hicho? Jumba hili lilikuwa makao na mahali pa biashara, hata kama jina lake lasema vingine.

Ujenzi wenyewe wastahili kutazamwa. Mawe ni ya matumbawe. Tumbawe litolewalo baharini huwa laini, likachongwa nakshi kwa urahisi. Likikauka huwa gumu. Tumbawe hilo hilo likichomwa hutoa chokaa. Mapaa ya nyumba za mawe za pwani yalishikwa kwa boriti za mikoko, na kwa sababu hiyo vyumba huwa virefu na vyembamba, kwani upana wake hauwezi kuupita urefu wa boriti. Lakini mafundi wa Husuni walijua pia kujenga kuba, na kuba haihitaji boriti.

Aliyeijenga ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwanzoni mwa karne ya 14. Neville Chittick, aliyeyachimbua magofu haya katika miaka ya 1960, alikuta maandishi ya mawe yenye jina la Sultani huyo. Mali yake ilitokana na dhahabu ya bara, iliyopitia Sofala, katika Msumbiji ya leo, ikatozwa ushuru Kilwa. Mwaka 1971 sarafu ya shaba yenye jina lake ilipatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, mbali sana na bahari.

Tunaye na shahidi mwingine. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alifika Kilwa. Aliusifu mji kuwa mzuri na uliojengwa vyema, lakini katika kitabu chake nyumba zake zatajwa kuwa za miti. Wengine wamemwona mwongo kwa neno hilo. Mimi naona haifai kumhukumu hivyo. Wakazi wengi wa Kilwa waliishi katika nyumba za miti na udongo, kama wazee wa Mbeere, na nyumba hizo zimetoweka. Mawe machache ndiyo yaliyobaki kutudanganya kwamba mji mzima ulikuwa wa mawe.

Ibn Battuta amsifu Sultani kwa ukarimu, hata watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi. Asimulia kwamba maskini mmoja alimwomba nguo alizovaa, naye akaenda kuzivua akampa. Baada yake alitawala nduguye, Daud, aliyewajibu waombaji kwamba mtoaji amekwisha kufa, wala hakuacha kitu cha kutolewa.

Huenda alisema kweli. Husuni Kubwa haikumalizwa. Chittick aliona sehemu ambazo mafundi waliziacha njiani, na jumba lilikaliwa kwa muda mfupi tu. Wareno walipoivamia Kilwa mwaka 1505, lilikuwa limehamwa zamani. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyatengeneza. Mawimbi, hata hivyo, yangali yakipiga chini ya jabali.