Barua ya Habari: Jina na Kazi Yake

Katika biashara ya zama zetu kimeingia kitu ambacho Waingereza hukiita newsletter, nacho ni barua itumwayo kwa mtandao, kwa nyakati zilizowekwa, na mwenye biashara mmoja kwa jamii ya watu walioridhia kuipokea, ili kuwaarifu yaliyotukia na yatakayotukia katika shughuli yake. Kitu chenyewe kimekwisha kuenea toka Mombasa hata Maskati, lakini jina lake la Kiswahili halijatulia bado: wako wakiitao jarida au kijarida, wako wasemao waraka wa habari, na wako wasemao barua ya habari. Makusudio ya makala haya ni kuyapima majina hayo moja baada ya jingine, kwani mwandishi aghalabu hufuata sura ya jina alilokipa kitu anachokiandika, akaandika kwa kiburi au kwa adabu kwa kadiri jina lilivyomwelekeza. Mfano wetu tutautwaa Ras Mkumbi, ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Mafia, mahali ambapo mwenye nyumba ya wageni hana budi kuandikiana na wafanyabiashara asioonana nao.

Tuanze na waraka. Neno hili tumelipokea kwa Waarabu, ambao kwao maana yake ni karatasi au jani, na heshima yake ni kubwa. Walakini serikali imekwisha kulitwaa, hata mtumishi wa umma wa Tanzania asikiapo kuwa umetoka waraka hufahamu papo hapo kuwa ni agizo kutoka juu, lenye nambari ya kumbukumbu, ambalo kazi ya alipokeaye ni kulitekeleza. Mfanyabiashara hana agizo juu ya mteja wake. Akiiita barua yake waraka, ataandika kama afisa, na atakayeipokea, ambaye hakuajiriwa naye, ataifuta bila ya kuona haya.

Jarida nalo ni neno la Kiarabu, ambalo asili yake hunasibishwa na kuti la mtende lililoondolewa majani, kabla ya kuchukua maana ya gazeti. Kwetu sisi jarida ni chapisho la hadhara, ndugu wa magazeti ya kale mfano wa Msimulizi, lililotolewa Kiungani, Unguja, tangu mwaka 1888, na Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya Tanganyika mwaka 1923. Mwandishi wa jarida hamjui amsomaye. Huweka tahariri, makala, mashairi na picha, akatumaini kwamba kila mmoja ataokota limfaalo. Umbo hilo ni jema kwa taifa, lakini kwa mteja mwenye shughuli zake ni mzigo, maana humtaka apekue kurasa nyingi ili apate jambo moja, na yeye hana nafasi hiyo.

Limebaki barua, na hapa ndipo Kiswahili kina urithi mwingi kuliko tunavyoukumbuka. Miongoni mwa maandishi kongwe kabisa ya lugha yetu yaliyosalia ni barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa khati za Kiarabu, ambazo zimehifadhiwa Goa. Na mwaka 1892 C. G. Büttner alipiga chapa huko Ujerumani mkusanyo wa maandishi ya Waswahili ya khati hizo hizo, ambamo barua ni nyingi. Kwa desturi ya zamani barua ilikuwa na mpango wake: kwanza aliyeandikiwa, kwa jina lake na sifa zake, kisha salamu, kisha maneno wa baadahu, yaliyokuwa kama mlango wa kupitia kutoka katika jamala kwenda katika jambo, kisha jambo lenyewe, na mwisho ombi la jawabu. Barua, kwa hiyo, ina mwandikaji anayejulikana, ina mwandikiwa anayejulikana, ina jambo, na ina jawabu. Sifa hizo nne ndizo zinazopungua katika barua nyingi za biashara zinazotufikia leo, na kwa sababu hiyo mimi nalichagua jina barua ya habari, ambalo linamkumbusha mwandishi wajibu wake kila alitamkapo.

Madhali tumelipata jina, yafaa tumtambue pia huyo aandikiwaye, kwa kuwa wateja si wa namna moja. Yuko mteja anunuaye kwa ajili ya nafsi yake, na yuko mteja mfanyabiashara, anunuaye ili apate kuuza au kuendesha kazi yake. Mgeni atokaye Ulaya kuja kuwatazama papa potwe wa Mafia ni wa namna ya kwanza. Wakala wa safari wa Arusha, Dar es Salaam au Unguja, aliyempangia mgeni huyo siku zake, ni wa namna ya pili. Wa kwanza huvutwa na uzuri wa bahari. Wa pili ameahidi kwa niaba ya wengine, na ahadi ikiharibika fedha zitarudishwa na jina litachafuka. Habari aitafutayo ni ile itakayomlinda katika ahadi zake.

Basi natutazame ardhi yenyewe. Bweni, kijiji kilicho jirani na Ras Mkumbi, ki mbali na Kilindoni kwa kilomita zipatazo 50, na Kilindoni ndiko kwenye makao ya wilaya, na kiwanja cha ndege, na gati la kivuko kitokacho Nyamisati. Papa potwe huonekana katika maji ya Kilindoni aghalabu kuanzia Oktoba hata Machi. Nyangumi hupita katika miezi ya kusi. Na masika ya Aprili na Mei huwa ni majira ya wageni haba. Kila moja katika mambo haya ni habari kwa wakala, kwa maana mgeni ashukaye Kilindoni jioni bado ana safari ndefu mbele yake kabla hajafika kaskazini, na wakala asiyelijua hilo atamwandikia ratiba isiyowezekana.

Tuseme mwenye nyumba ya wageni huko Bweni anataka kuwaandikia mawakala wake mwezi Oktoba. Kalamu isiyofunzwa itaandika hivi: YAH: HABARI MOTOMOTO KUTOKA PEPONI! Kisha zitafuata aya tatu za kusifu mchanga mweupe, picha za machweo zilizo nzito kupakua, na mwisho ombi kwamba mpokeaji aitembelee tovuti. Kalamu iliyofunzwa itaandika: YAH: MAFIA, NOVEMBA: SAA MPYA YA GARI NA VYUMBA VILIVYOBAKI. Kisha: "Ndugu wakala, salamu. Kuanzia tarehe 1 Novemba gari letu litaondoka kiwanja cha ndege cha Kilindoni saa 6 mchana badala ya saa 8. Mgeni atakayewasili kwa ndege ya alasiri itampasa kulala Kilindoni usiku mmoja, nasi tutamtafutia malazi ukitupa habari siku tatu kabla. Vyumba viwili vingali wazi toka tarehe 10 hata 17. Tafadhali rekebisha ratiba ulizokwisha kumpa mgeni, na utujibu kwa barua hii hii."

Barua ya pili haina neno hata moja la kujisifu, na pamoja na hayo ndiyo itakayouza, kwani wakala akiisha kuisoma atafungua daftari lake na kubadili jambo. Hicho ndicho kipimo ninachokipendekeza kwa kila barua ya habari iendayo kwa mfanyabiashara: je, akiisha kuisoma atakuwa na kitu cha kusahihisha, kuongeza au kufuta katika kazi yake mwenyewe? Ras Mkumbi pana mnara wa taa tangu zama za Wajerumani, ambao walikitwaa kisiwa mwaka 1890, na mabaharia wanaopita mbele ya minara ya namna hiyo wamezoea kupokea ilani zinazowaarifu taa ipi imebadili mwako wake, boya lipi limehamishwa na ramani ipi yapasa kusahihishwa. Nahodha huisoma ilani akiwa na kalamu mkononi. Mwandishi wa barua ya habari na ajitahidi asomwe vivyo hivyo.

Kutokana na kipimo hiki, viungo vya barua hujipanga vyenyewe, na kila kimoja kinastahiki jina. Cha kwanza ni mada, ambayo makarani wetu wameizoea katika barua za ofisi kwa alama ya YAH, yaani yahusu. Nayo sharti itaje jambo, na itaje mapema, kwa kuwa msomaji wa simu ya mkononi huona maneno machache tu ya mwanzo. Cha pili ni dokezo, mstari mmoja unaoonekana chini ya mada kabla barua haijafunguliwa, ambao wengi huuacha utupu ukajaa maneno ya mashine. Cha tatu ni kiwiliwili, na humo jambo moja kubwa hutosha. Cha nne ni mwito, yaani tendo moja ambalo mpokeaji anaombwa kulitenda. Miito ikiwa mitano, hakuna utakaoitikiwa. Cha tano ni kiungo cha kujiondoa, ambacho mwandishi mwenye hofu hukificha kwa herufi ndogo, ilhali kukificha ni kumlazimisha asiyetaka barua aishitaki kuwa ni barua taka.

Katika jambo hili la ridhaa historia ina funzo. Tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, mtumishi wa kampuni ya kompyuta ya Marekani iliyokuwa ikiitwa Digital Equipment Corporation, alituma tangazo moja kwa watu wapatao 400 waliokuwa katika mtandao wa ARPANET, akiwaalika kuja kuzitazama mashine mpya. Hawakuwa wameombwa idhini, manung'uniko yakawa makubwa, na hata leo barua ile hutajwa kuwa ndiyo mama wa barua taka zote. Wapokeaji wale walikuwa watu wa kompyuta hasa, wenye kuhusika na bidhaa aliyoiuza. Kosa halikuwa katika kuwachagua, lilikuwa katika kuingia bila ya hodi. Tanzania imeweka Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na anuani ya mtu sasa si kitu cha kuokota na kugawiana. Tangu mwaka 2024 Gmail nayo inawataka watumao barua zaidi ya 5,000 kwa siku waweke njia ya kujiondoa kwa mguso mmoja. Nyumba ya wageni ya Bweni haitafikia idadi hiyo, lakini adabu haingoji wingi.

Wauzaji wa programu za kutuma barua hizi hupenda kumwonyesha mteja wao hesabu ya waliozifungua. Hesabu hiyo imepungua thamani tangu mwaka 2021, Apple ilipoweka katika programu yake ya barua kinga ambayo hupakua picha za barua yenyewe, mtu asome asisome, hata barua isiyoguswa ikaonekana kuwa imefunguliwa. Kipimo kisichodanganya ni kile cha kale, yaani jawabu: wakala aliyeuliza bei, aliyebadili tarehe, hata aliyelalamika kuwa saa 6 ni mapema mno kwa ndege atumiayo yeye, kwani lalamiko hilo nalo ni biashara iliyo hai.

Kwa hiyo nashangazwa na desturi iliyozuka ya kutuma barua ya habari kwa anuani isiyopokea majibu, ikiandikwa chini yake kwamba mpokeaji asijibu. Huko ni kuivunja istilahi yenyewe. Atakaye kusema bila ya kujibiwa ana neno lake, nalo ni tangazo, na tangazo si aibu kwa mwenye kulibandika mahali pake. Lakini jina la barua na awaachie walio tayari kuandikiwa na wale waliowaandikia.